Mume aliacha leseni ya programu ya kuchorea ramani, mmoja anataka kuinunua mwingine anataka apewe bure

Shikamoo Anti,

Natumaini mzima. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Dodoma mjini, Nkuhungu. Jina naomba usilitoe maana ndugu wa marehemu mume wangu baadhi wanasoma hapa na sitaki maneno.

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, amefariki mwaka jana baada ya kuugua muda mfupi tu, hata kujiandaa hatukujiandaa. Wenyewe mnajua Dodoma ilivyo tangu serikali ihamie huku, kila kona watu wanajenga, Iyumbu, Nala, Ilazo, kule Mtumba ndo usiseme, kwa hiyo kazi alikuwa nazo, anachora mpaka usiku wa manane na laptopu yake pale sebuleni. Mwanzoni alikuwa anatumia programu iliyokrakiwa kama vijana wengi, ikaingia virusi ikamlia kazi za wateja mpaka akarudisha hela za watu, akaapa hatumii tena vitu vya kuiba. Mwaka 2015 akanunua leseni halali kwa wakala Dar es Salaam, ile ya kulipa mara moja unatumia moja kwa moja bila kulipia kila mwaka. Kwetu ilikuwa hela nyingi sana, na sehemu ya hiyo hela ilikuwa ya mchezo wangu, zamu yangu ilipofika nikaipokea nikampa yote. Risiti ninayo mpaka leo ila imeandikwa jina la biashara yake sio jina lake mwenyewe.

Sasa Anti shida ndo inaanzia hapa. Kuna kijana mume wangu alimfundisha kazi, saa hizi ana kiofisi chake maeneo ya Majengo. Kaja nyumbani kwa heshima tu, kaniambia mama naomba uniuzie ile leseni ya bosi, laptopu baki nayo mi nataka leseni tu, nitakupa laki tisa. Anasema hizo za kudumu siku hizi haziuzwi, sasa hivi ni kulipia kila mwezi au kila mwaka na yeye haziwezi. Anachotaka nimpe ni imeili ya marehemu na paswedi yake, pamoja na laini ya simu maana akiingia kwenye akaunti kuna namba za siri zinatumwa kwa meseji kwenye ile laini. Laini ataniletea akishamaliza.

Huku nyuma mdogo wake marehemu, shemeji yangu, anamaliza diploma ya ujenzi, kasikia habari hizi kaja juu. Anasema kitu cha kaka yake hakiwezi kwenda kwa mtu baki wakati yeye yupo na ndo fani yake, nimpe yeye, na kunipa hela hawezi kunipa maana ni mwanafunzi. Mama mkwe naye kanipigia kutoka Kongwa, kanisalimia vizuri tu lakini mwisho akasema mwanangu kumbuka vitu vya mtoto wangu vina wenyewe. Nililia Anti.

Fundi kompyuta wa hapa jirani nilipomsimulia akacheka, akasema mama hiyo mbona ndogo, mnakopi, kijana apate, shemeji apate, na wewe unabaki nayo, kila mtu anafurahi. Nikamuuliza sasa hiyo si ndo kule kule kwenye kukraki, hakunijibu. Nilimuuliza na yule kijana kisheria ikoje, akasema mama mlinunua kwa hela yenu, risiti mnayo, nani atawauliza.

Mi nauza mitumba ya watoto soko la Sabasaba. Mkubwa kaingia form one shule ya bweni ya watu binafsi kwa sababu baba yake alimuahidi na sijaweza kuivunja ile ahadi. Laki tisa ingenivusha muhula. Lakini sitaki kumuuzia mtu kitu halafu kesho kinazima anarudi kunitukana, na sitaki kugombana na wakwe zangu kwa sababu walinipokea vizuri toka siku ya kwanza. Kikao cha familia tulikaa baada ya arobaini, wakanipendekeza mimi na shemeji mkubwa tusimamie vitu vya marehemu, mahakamani bado hatujaenda maana tuliona hakuna vitu vikubwa. Na bado kila siku wateja wake wananipigia, mama naomba ile ramani yangu nataka kuongeza chumba, mi nawaambia siwezi hata kuifungua.

Nifanyeje Anti? Niuze, nimpe shemeji, au niache ikae kabatini?

Mama wawili, Nkuhungu.

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Pole pia kwa hizo simu, maana kila mteja anayepiga kuulizia ramani anakukumbusha upya, halafu unatakiwa ujibu kwa sauti ya kawaida kama hakuna kitu.

Nimekuelewa hivi. Una kitu mlichokitolea jasho wewe na mumeo, huwezi kukitumia mwenyewe, watu wawili wanakitaka, mmoja ana hela mwingine ana undugu, na fundi kaja na njia ya tatu ambayo moyo wako umeikataa kabla hata hujaniandikia. Juu ya hapo una muhula wa kulipia na wakwe unaowapenda. Sitakuambia uza au usiuze, kwa sababu kuna mambo hapo katikati ambayo hayajajibiwa bado, na ukiamua kabla hayajajibiwa utakuwa umeamua gizani. Nataka tuyapitie pamoja, mengine nitakuuliza maswali ambayo labda hayatakupendeza, nivumilie.

Tuanze na hilo la kijana, mlinunua kwa hela yenu na risiti mnayo. Kweli mlinunua, ila mlinunua nini? Wewe ni mtu wa soko, kilemba unakijua. Mtu anakuachia frem, unampa kilemba chake mnapeana mikono, lakini frem ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipokutambua utakuja asubuhi ukute kufuli jingine. Leseni ya programu iko karibu sana na hapo. Mumeo alilipia haki ya kutumia, programu yenyewe imebaki ya walioitengeneza, na kwenye ule mkataba mrefu ambao wote tunabonyeza nimekubali bila kusoma ndo wameandika kama haki hiyo inaweza kwenda kwa mtu mwingine au haiwezi. Kuna wanaokataa kabisa, wengine wanasema mpaka wakupe ruhusa ya maandishi, na wengine wanaruhusu kwa masharti. Windows yenyewe iliyomo kwenye hiyo laptopu ni mfano mzuri, ile inayokuja na mashine toka dukani inakwenda na mashine hiyo hiyo, huwezi kuitoa ukamuuzia mtu peke yake, lakini iliyonunuliwa peke yake mwenye nayo wa kwanza anaruhusiwa kumpa mwingine akishaiondoa kwake na huyo mwingine akakubali masharti. Ni kampuni moja na programu moja, ila leseni mbili zina sheria tofauti. Ya mumeo ni ipi? Hatujui mpaka mkataba wake usomwe.

Usione aibu kwamba hukulijua hili. Hata mahakama kubwa za wenzetu hazikuliona kwa namna moja. Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Timothy Vernor, alinunua kopi zilizotumika za AutoCAD, programu ambayo kila mchoraji anaijua, kutoka ofisi moja ya wabunifu majengo, akaziweka sokoni kwenye eBay. Mahakama ya kwanza ilimpa haki, ya rufaa mwaka 2010 ikamnyima, ikasema ile ofisi iliyomuuzia ilikuwa na leseni ya kutumia tu haikuwa mmiliki wa kopi, kwa hiyo haikuwa na cha kumuuzia. Ulaya mambo yakaenda kwingine. Julai 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle ikasema leseni ya kudumu iliyolipiwa inaweza kuuzwa tena hata kama programu ilipakuliwa kwenye intaneti, na mtengenezaji hawezi kuzuia. Ila sikiliza hapa, mahakama hiyo hiyo iliyomtetea mnunuzi ikasema anayeuza lazima afanye kopi yake isitumike tena, akiendelea nayo amevunja hakimiliki. Sasa rudi kwa fundi wako wa jirani. Ushauri wake wa kukopi kila mtu apate hauna pa kusimama Marekani wala Ulaya. Hapa kwetu hukumu za huko hazitubani, lakini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na programu za kompyuta zimo humo zinalindwa. Swali ulilomuuliza fundi akanyamaza lilikuwa swali sahihi kabisa, na mumeo angekuuliza hilo hilo.

La pili ni hiyo risiti yenye jina la biashara. Umelitaja ukapita, mi nimesimama hapo. Kama lilikuwa jina la biashara tu alilosajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, basi biashara na mumeo ni mtu mmoja, leseni ni yake na inaingia kwenye mirathi kama vitu vingine. Kama aliwahi kusajili kampuni kamili, yenye hisa na wakurugenzi, habari inabadilika, kampuni ni mtu wake mwenyewe kisheria, leseni ni ya kampuni na kinachorithiwa ni hisa. Tafuta cheti cha usajili kwenye mafaili yake, utakiona kimeandikwa ni kipi.

Ikiwa inaingia kwenye mirathi, basi mwanangu, kwa sasa hivi hakuna hata mmoja kati yenu mwenye mamlaka ya kuiuza. Wewe huna, shemeji hana, mama mkwe hana. Kikao cha familia kimewapendekeza, kupendekeza ni hatua ya kwanza tu, anayempa msimamizi nguvu ni mahakama. Najua mliona hakuna vitu vikubwa, watu wengi tunafikiri mirathi ni ya wenye maghorofa, lakini angalia, una laptopu, una leseni, una laini ya simu ambayo huenda ina hela, una ramani za wateja, na kila kimoja siku moja kitakuja kumtaka mtu mwenye barua. Nendeni Mahakama ya Mwanzo na shemeji mkubwa, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kile kikao. Mkishateuliwa mnatakiwa ndani ya miezi minne mpeleke orodha ya mali na madeni, na leseni nayo itajwe humo kama mali nyingine. Na kwenye kikao kingine mkikaa, sema mbele ya wote kwamba hela ya mchezo wako iliingia humo. Sema kwa upole bila kulalamika, lakini isemwe, kwa sababu mama mkwe akisema vitu vina wenyewe inawezekana kabisa hajui kwamba mmoja wa hao wenyewe ni wewe.

Sasa nikuambie kilichonishtua kwenye barua yako, na sio hela. Ni imeili, paswedi na laini. Simsemi vibaya huyo kijana, simjui, na kuja kwa heshima kuomba ni jambo jema, wengine wangeshakuzunguka. Inawezekana kabisa haoni njia nyingine ya kuingia kwenye ile akaunti. Lakini hebu fikiria anachokiomba kwa ukamilifu wake. Imeili ya mumeo ina barua zake zote, za wateja, za benki kama zipo, picha zenu labda. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mumeo, namba za siri za kila kitu chake zinaingia humo, pesa ya simu iko humo. Mtu aliye na imeili na laini kwa pamoja anaweza kubadilisha paswedi zote ukabaki nje wewe mwenyewe. Anaweza kuongea na wateja kwa jina la marehemu. Na michoro ile ina jina la mumeo pale chini kwenye kona, nyumba ikichorwa vibaya na mwingine kwa jina hilo, fundi na mwenye nyumba watakuja kugonga kwako. Yeye anaweza asifanye hata kimoja katika hivi, ila laini ikiibiwa ofisini kwake je? Na hata ukimpa vyote hivyo, leseni haijahama. Kwa mtengenezaji bado mwenye leseni ni marehemu, kijana atakuwa anatumia kwa jina la mtu aliyefariki, siku akaunti ikifungwa laki tisa zake zimekwenda na kosa ataliona ni lako. Hilo ndo lile unaloliogopa, la kukurudia na matusi.

Kwa hiyo kuuza kama unataka kuuza, njia yake inapitia kwa mtengenezaji au yule wakala wa Dar. Mwandikieni mkishapata barua ya usimamizi, mueleze mwenye leseni amefariki, mtaje namba ya siriali na tarehe ya risiti, mwambatanishe cheti cha kifo, muulize mambo mawili tu, je leseni inaweza kuhamia kwa mtu mwingine na kwa masharti gani, na je ni ya aina gani. Hilo la aina msilisahau, kuna leseni za wanafunzi ambazo hata kazi ya kulipwa haziruhusu, sembuse kuuzwa. Jibu linaweza kuja ndiyo na fomu ya kujaza, au ndiyo na ada kidogo, na wanaweza kukataa. Wakikataa imeandikwa, na unamuonyesha kijana bila kubishana. Cha muhimu ni hela yake usiipokee kabla ya hapo, hata ya kishika uchumba, maana ikishaingia kwenye ada ya mtoto kuirudisha itakuwa vita.

Hapa pia kijana naye nimsaidie kufikiri. Amesema kweli kwamba za kudumu haziuzwi tena, kwa mfano AutoCAD, Januari 2016 ulikuwa mwezi wa mwisho kuuza leseni mpya za kudumu, kwa hiyo naelewa kwa nini ya 2015 inamtamanisha. Lakini programu ya zamani inataka kuwashwa upya kwenye mashine mpya, yaani mtengenezaji aikubali kwanza ndo ifanye kazi, na watengenezaji huwa wanafika mahali wanaacha kuwasha matoleo ya zamani. Windows nayo inabadilika, Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine mpya zinakuja na 11, na programu ya miaka kumi nyuma inaweza kugoma humo. Laki tisa kwa kitu ambacho hakijajaribiwa kwenye mashine yake ni kamari, na wewe hutaki kuwa uliyemchezesha.

Shemeji sasa. Kumpa bure hakukwepi yote haya, zawadi nayo ni kuhamisha, mtengenezaji atauliza yale yale. Ila mi nataka nikuulize kitu kingine, una uhakika anachotaka ni leseni? Mwanafunzi wa ujenzi ana njia zake, watengenezaji wengi wakiwemo Autodesk, wenye ile AutoCAD, wanawapa wanafunzi programu bure wakiwa masomoni, japo sio kwa kazi za kulipwa, na kuna za bure kabisa kama LibreCAD na FreeCAD ambazo akimaliza chuo anaweza kuanzia nazo. Kwa hiyo shida yake ya kuchora ina dawa. Sasa mbona kaja juu hivyo? Mi nahisi, na naweza kuwa nimekosea, kwamba huyu kijana amefiwa na kaka na hakuna alichopewa cha kushika mkononi. Kasikia kitu cha kaka kinataka kwenda kwa mwanafunzi wa kaka na sio mdogo wa kaka, ikamuuma. Muite nyumbani peke yake, bila simu ya Kongwa katikati, mpikie, muulize. Huenda skeli rula ya kaka yake, vitabu vyake, ile begi aliyokuwa anakwenda nayo saiti, vingemtosha kuliko namba ya siriali. Na huenda visimtoshe, akang'ang'ania, hapo utajua unazungumza na mtu wa mali na utamrudisha kwenye kikao na shemeji mkubwa.

Nimebakiza kile kimstari chako cha mwisho, wateja wanapiga wanataka ramani zao. Mwanangu, mi naona hapo ndo penye thamani kubwa kuliko hiyo laki tisa. Ile michoro aliichora mumeo, na kwa sheria yetu haki ya mchoraji haifi naye, inaendelea kwa warithi miaka 50 baada ya kifo. Programu si yenu, michoro aliyoichora kwa programu hiyo ni kazi yake. Mtu anayetaka kuongeza chumba Iyumbu yuko tayari kulipa, na unamwambia siwezi kuifungua! Kuna njia hujaifikiria, leseni isiuzwe kabisa, laptopu itoke kabatini, na huyo huyo kijana aje afanye kazi za wateja wa zamani hapo kwa mashine hiyo hiyo, kwa makubaliano yaliyoandikwa, anachopata mnagawana. Wateja wanamjua, kazi anaijua, na mkono wa bosi wake anaujua, na wewe unapata kidogo kidogo badala ya kingi cha mara moja. Ila nayo ina matatizo yake nisikufiche. Kwenye ile barua kwa mtengenezaji muulize kama msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kuendelea kuitumia kwa namna hiyo. Jina la mumeo lisiwekwe kwenye mchoro ambao hakuuchora, kijana aweke lake. Mgawanyo uandikwe mapema. Na muhula haungoji kidogo kidogo, hilo nalijua, labda ukaongee na shule kuhusu kulipa kwa awamu ukiwa na cheti cha kifo mkononi, shule nyingi zinasikiliza.

Lolote utakaloamua, kuna jambo moja lifanye wiki hii hata kabla ya mahakama. Laptopu ina umri, diski yake inaweza kufa usiku mmoja. Nunua diski ya nje, mtafute mtu unayemuamini, akopi mafaili ya michoro yote ukae unamuangalia. Usichanganye na lile la fundi, kukopi kazi ya mumeo ni kulinda urithi wa watoto, kukopi programu ni jambo jingine kabisa. Na asifute kitu, wala asiiweke Windows upya ili iwe nyepesi kama wanavyopenda, leseni inaweza kupotelea hapo hapo. Mafaili hayo yote kwa pamoja asipewe mtu, sio kijana wala shemeji, mle mna nyumba za watu, milango yao iko wapi, kiwanja namba ngapi, walimuamini mumeo nazo. Mteja akija anapewa ya kwake tu.

Kijana mjibu kwa simu au akija, mwambie umelipokea ombi lake, mirathi bado, mtengenezaji bado hajaulizwa, na laini na imeili hazitoki. Muulize hapo hapo kama angependa kazi za wateja wa bosi. Atakavyolipokea jibu hilo litakuonyesha mengi.

Mkishapata barua ya usimamizi na mtengenezaji akajibu, niandikie tena unitumie maneno aliyoyajibu kama yalivyo, tutaangalia pamoja kama laki tisa ni bei nzuri au anakupunja.